Usingizi wa Pakiteng

Kuna watu ambao wakishika usukani hata gari lenyewe linatulia, na Lemein alikuwa mmoja wao. Huyu ni mwanamume wa Kimuka, mrefu, mwenye mabega ya kujaza mlango, aliyeingia Kitengela akiwa kijana kuendesha malori ya mchanga, kisha akapata kazi aliyoiona ya heshima zaidi: basi la shule ya Bwana Waweru. Alijua mtoto gani hutapika njia ikianza kona. Alijua nani hukalia mkoba wa mwenzake makusudi. Asubuhi aliwapokea mlangoni mwa basi kwa desturi ya kwao, kila mtoto ainamishe kichwa aguswe utosi ndipo apande, awe Mmaasai, Mkamba au Mluo. Wazazi walipenda sana jambo hilo. Walimu ndio walionung'unika, maana watoto walizoea mpaka wakawa wanamwinamia hata mpishi.

Basi hilo lilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilipita kwenye drifti, yaani sakafu ya saruji inayokatiza mto ambao karibu mwaka mzima hauna kitu ila mchanga na punda. Alasiri moja ya mvua za Aprili, Lemein alisimamisha basi, akashuka, akayaangalia maji. Hayakufika hata kifundo cha mguu. Akapanda, akaingia. Alipokuwa katikati, pikapu iliyokuwa mbele yake ikazima, gari lingine likawa limeshaingia nyuma yake, na maji ya mvua iliyonyesha mbali huko juu yakafika yote kwa pamoja. Basi lilisukumwa upande likaegemea ukingo. Aliwatoa watoto dirishani mmoja mmoja, akiwapokeza kwa wanaume waliojifunga kamba kiunoni. Hakufa mtoto. Hakuvunjika mtoto hata kidole. Lemein alitoka wa mwisho, na basi likaondoka na mto.

Tangu siku hiyo akawa shujaa, na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kanisani alisimamishwa mbele akapigiwa makofi. Wazazi walimletea kuku, blanketi, na picha ya basi iliyochorwa na mtoto, yeye akiwa juu yake ameota mabawa. Sasa niambie, nani atamuuliza mtu mwenye mabawa kama anapata usingizi? Na Lemein hakuwa akiupata. Akifumba macho tu, anawasikia watoto. Si kelele zao, maana siku ile hawakupiga kelele. Walikaa kimya kwenye viti vyao wakimwangalia yeye, wakingoja awaambie la kufanya, na kwa muda fulani hakuwa na la kuwaambia. Ukimya huo ndio aliokuwa akiusikia kila usiku, na haukuwa na mahali pa kuuzimia.

Bwana Waweru alipata basi jipya. Lakini watu wa bima walisema dereva hatalishika mpaka mtaalamu wa ushauri aandike kwamba yuko sawa. Kwa Waweru hilo lilikuwa jambo la kupitia tu, kama kupaka gari rangi. "Dere, enda tu huko uongee kidogo," alimwambia. "Wewe si uko sawa?" Lemein akasema yuko sawa.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Kavutha, mwanamke Mkamba wa umri wa kati ya thelathini na arobaini, mwenye ofisi juu ya duka la dawa mjini Kitengela. Hakuwa na haraka, na hilo peke yake lilimtisha Lemein. Aliuliza swali kisha akangoja, na kwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba ni shujaa kabla hajafungua mdomo, kungojewa kulikuwa kazi nzito. Lemein alijibu kila kitu kwa neno lilelile, sawa. Usingizi, sawa. Chakula, sawa. Nyumbani, sawa.

Ndipo Kavutha alipoiona saa. Ilikuwa saa nyeusi ya kisasa, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo na kujua mtu amelala au yuko macho. Nalangu, binti yake Lemein anayefanya kazi Nairobi, alimletea Krismasi iliyopita.

"Unalala nayo?" Kavutha akauliza.

"Nalala nayo, madam. Msichana alisema nisiitoe."

"Basi inajua mambo mengi. Watu wengi wakija hapa hawakumbuki walilala aje juzi, na si makosa yao. Mimi huwaambia kama uko na saa ama simu yenye inapima, tuangalie pamoja. Lakini ni yako, Bwana Lemein. Utanionyesha penye unataka. Ukisema tufunge, tunafunga."

Lemein hakuona ubaya. Saa si ni saa? Akaitoa simu ambamo saa humwaga hesabu zake, akaifungua, wakainama wote wawili juu ya kioo kile kidogo. Mstari wa usingizi ulikuwa umechanikachanika kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu ukaja mstari wa moyo. Alasiri zote za siku za shule, wakati ule basi lingekuwa likikaribia drifti, moyo wa Lemein ulipanda mbio, naye siku hizo zote alikuwa nyumbani, kwenye kiti, akichambua maharagwe na mkewe.

Saa imemchongea. Ameivaa kwa mkono wake mwenyewe, akaichaji kwa umeme wake mwenyewe, nayo imekwenda kusema kila kitu kwa mwanamke wa watu.

"Hii inanisaidia sana," Kavutha alisema, kwa upole kabisa. "Hapa sasa tuna mahali pa kuanzia."

Lemein alishuka zile ngazi akijua kwamba mkononi amebeba askari.

Sasa lazima nieleze habari ya Pakiteng, maana bila yeye mambo haya yangeisha salama na mapema. Jina lake la kanisani na la kitambulisho ni Leshan, mfugaji wa Kimuka, rika moja na Lemein. Lakini Lemein hakuwa amelitamka jina hilo tangu alipomwoa Seleyian, kwa sababu siku ya harusi Leshan alimletea maksai mweusi, mnene, aliyempenda kuliko wote zizini mwake. Kwa Wamaasai, mtu akikupa maksai kwa roho safi, majina yenu ya kawaida yanawekwa kando. Wewe unamwita Pakiteng, na yeye anakuita Pakiteng, mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Na Pakiteng akitaka kitu chako, huanzi kujikuna kichwa. Unampa. Wala kesho humwendei kukidai, kwa sababu yeye hajaja kudai maksai.

Walikutana kila siku ya soko la mifugo pale Kajiado, Pakiteng akiwa na mbuzi wa kuuza na Lemein akiwa hana la kufanya. Walikaa bega kwa bega kwenye benchi la mama mmoja wa chai. Juma lile Pakiteng aliushika mkono wa rafiki yake akaugeuzageuza kama anayekagua kwato.

"Pakiteng, hii inakufanyia nini?"

"Inapima moyo."

"Moyo yangu haijawahi pimwa na mtu." Pakiteng akacheka, meno yote nje. "Nipe hiyo."

Ningependa kusema kwamba Lemein alitoa saa kwa sababu ya desturi tu. Desturi ilikuwepo, na ilikuwa na nguvu, na hata angekuwa analala fofofo asingeweza kuinyima. Lakini ukweli ni kwamba aliifungua haraka kuliko inavyofunguliwa zawadi ya binti. Alipoiona inakaa kwenye mkono wa Pakiteng, alipumua. Alijiambia atamwambia madam kwamba imeharibika, na mambo ya askari yatakuwa yamekwisha.

Safari iliyofuata alikwenda kwa Kavutha akiwa na koti la mikono mirefu na uwongo wake tayari mdomoni.

"Leo saa iko wapi?"

"Inachaji," Lemein akasema, akashangaa mwenyewe kwa nini hakusema imeharibika.

"Haina shida. Simu iko na kila kitu. Naona ilivuta hesabu za saa juzi, siku ya soko." Kavutha aliinama juu ya simu, na uso wake ukafunguka. "Bwana Lemein. Haya ni mambo gani?"

Lemein akaangalia. Kulikuwa na usiku mzima wa usingizi, umetandikwa bila mkunjo. Ukafuata mwingine. Asubuhi na mapema mtu huyo ameamka, akatembea mpaka mchana, hatua za kutoka hapa hadi nusu ya Tanzania, moyo wake ukienda taratibu, taratibu, kama wa mtu ambaye hana neno na dunia. Ndipo Lemein alipokumbuka kile kimlio kidogo mfukoni, siku ya soko iliyofuata, walipokuwa wanakunywa chai tena. Alidhani ni ujumbe. Kumbe saa, ikiwa mkononi mwa Pakiteng, ilimwona bwana wake wa zamani kwenye benchi, ikaisalimu simu na kuimwagia kila kitu ilichojaza huko Kimuka.

"Umeanza kutembea," Kavutha alisema.

Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalikuwa machache, hata mtoto wa chekechea angeyaweza. Lakini Kavutha alikuwa amefurahi kweli, kwa ajili yake, na Lemein tangu Aprili hakuwa amemwona mtu akimfurahia kwa jambo lingine lisilohusu maji.

"Nimeanza kutembea," akaitikia.

Hivyo ndivyo mtu mzima, mwenye watoto na ndevu, alivyokubali kusifiwa kwa usingizi wa mtu mwingine. Na uwongo wa namna hiyo haukuachii nafasi ya kugeuka. Kila siku ya soko simu ilivuta. Kila akienda kwa Kavutha, mistari ilikuwa mizuri kuliko ya mwanzo. Aliulizwa mazoezi ya kupumua yanamsaidia, akasema yanamsaidia. Aliulizwa akipita karibu na drifti anahisi vipi, na hapo alijibu ukweli, kwamba hajawahi kupita, anazunguka na njia ya mbali. Kavutha aliandika jambo hilo, kisha akaitazama tena ile mistari na kuiamini.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Seleyian, mkewe, ni mwanamke asiyepitwa na kitu. Alimwona akitoka kitandani kila usiku kwenda kukaa nje kwenye ngazi. Mwanzoni Lemein alisema anaangalia geti. Geti gani linaangaliwa mwezi mzima? Mwisho, kwa kukosa la kusema, alimwonyesha simu.

"Hata mashine inasema nalala, Mama Nalangu. Angalia mwenyewe."

Seleyian aliangalia kwa muda mrefu. "Lakini mimi nikiamka sikuoni," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Labda ni mimi naota." Kuanzia siku hiyo akaanza kuutilia shaka usingizi wake yeye mwenyewe, akanunua majani ya kutuliza akili sokoni, akawa anayachemsha na kunywa kila jioni mbele ya mumewe. Lemein alikaa akimtazama akimeza ule uchungu. Aliona aibu kiasi kwamba hakuweza hata kumwambia aache.

Akaamua kwenda Kimuka. Alipiga moyo konde kwamba ataomba ile saa, aiazime tu, juma moja, aivae ili imwambie madam ukweli ambao mdomo umeshindwa kuusema. Alipitia Ngong, akafika boma la Pakiteng mchana, akakuta mwenyeji wake yuko na ng'ombe. Mke wa Pakiteng akamletea chai ya maziwa.

"Supa, Pakiteng," alisikia salamu ya kwao nyuma yake.

"Epa," akaitikia.

Pakiteng alinyoosha mkono juu ili mgeni aone vizuri. Ile saa haikuwa na mkanda wake mweusi tena. Mke wake alikuwa ameutoa, akaisukia mkanda mpana wa shanga, nyekundu na nyeupe na buluu, na pembeni, kwa shanga nyeusi, akashona umbo dogo la ng'ombe dume mwenye pembe. Yule maksai wa harusi.

"Watoto wangu wakiuliza hii ni nini, nawaambia hii ni Pakiteng," Pakiteng alisema. "Hata nikioga sitoi."

Sasa wewe ungesema nini? Lemein alisema shanga ni nzuri. Alikunywa chai ya pili, akaonyeshwa ndama, akarudi Kitengela mkono mtupu. Njiani alihisi kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ambayo kila mlango wake umefungwa na mtu anayempenda.

Siku chache baadaye Pakiteng naye alikuja Kitengela na mbuzi wa mteja, akachelewa, akalala kwa Lemein, kwenye kochi. Usiku huo Lemein alitoka nje kama ilivyokuwa kawaida yake na kukaa kwenye ngazi. Baada ya muda mlango ulifunguka. Pakiteng alikuja na blanketi lake, akakaa kando yake. "Tangu lini?" akauliza. "Tangu maji," Lemein akasema. Pakiteng akasogea karibu. Alimfunika bega moja na upande wa blanketi, wakakaa hivyo mpaka kulipopambazuka, kisha akaenda kuwaona mbuzi. Hakuna lililobadilika kwa sababu ya usiku huo, isipokuwa kwamba mtu mmoja duniani sasa alikuwa anajua.

Kisha mambo yakamfika Lemein shingoni. Kwaya ya shule ilichaguliwa kwenda kuimba Kajiado kwenye tamasha la kaunti, na Bwana Waweru alishawatangazia wazazi kwamba atakayewapeleka watoto ni dereva wao yuleyule. Wazazi walishangilia. Mama mmoja alilia. Kilichobaki ni sahihi ya Kavutha tu, na siku ya sahihi hiyo Waweru alimleta Lemein mwenyewe, ndani ya basi jipya lililokuwa bado linanuka plastiki. Alilisimamisha mbele ya duka la dawa, akatingisha funguo.

"Ukishuka na hiyo karatasi, unaendesha mpaka shule. Watoto wanakungoja kwa geti, dere. Wamesema lazima uwaguse kichwa."

Lemein alipanda ngazi. Alikuwa amejaribu kushika usukani wa lile basi kidogo tu, likiwa limesimama, injini imezimwa, na vidole vyake vilikuwa vimekataa kufunguka mpaka Waweru alipomgusa akidhani anasali. Kesho, kwenye safari ya kwaya, kungekuwa na watoto nyuma yake, na barabara ya Namanga na malori yake, na kama mvua ingenyesha Isinya wote wangekaa kimya wakimwangalia. Hilo alilijua jinsi anavyolijua jina lake.

Kavutha alikuwa ameshaandika. Ripoti ilikuwa imelala mezani, fupi na safi, na juu yake kalamu.

"Kabla niweke sahihi, tuangalie mara ya mwisho," alisema. "Nataka uone mwenyewe vile umetoka mbali."

Wakainama juu ya simu. Alimwonyesha juma la kwanza, lile lililochanika, kisha akapitisha kidole kwenye majuma yaliyofuata, usiku baada ya usiku wa amani, na Lemein akayatazama kama mtu anayetazama shamba la jirani. Kidole kikasimama.

"Kuna huu tu," Kavutha akasema. "Usiku mmoja. Hukulala kabisa. Moyo uko juu kidogo mpaka asubuhi. Kuna kitu kilifanyika?"

Lemein akaisoma tarehe ya usiku huo.

"Haidhuru. Kila mtu hupata usiku mbaya. Ni mmoja, na baada yake umelala vizuri. Sijauweka kwa ripoti." Akaichukua kalamu. "Tunaweza kuuacha."

Sasa hapo ndipo kitu kilipompata Lemein, na sitajifanya kwamba kilikuwa ujasiri. Miezi yote hiyo alikuwa amestahimili kupewa usiku ambao si wake. Alistahimili sifa, alistahimili majani ya Seleyian. Lakini alipoona ule usiku mmoja unawekwa kando kama makapi, ule wa blanketi na ngazi za nje, aliumia kabisa, akasikia mdomo wake unasema kabla yeye hajaupa ruhusa.

"Usiuache huo, madam. Uache hizo zingine zote."

Kalamu ikasimama. "Sijaelewa."

"Huo ndio wangu. Hizo zingine ni za mtu mwingine."

Akavuta mkono wa koti juu, akamwonyesha kifundo cha mkono kitupu. Kisha akamweleza, akichanganya mambo, akirudi nyuma, maksai, benchi la chai, kimlio cha mfukoni, shanga. Alieleza jinsi Pakiteng asivyonyimwa na jinsi asivyodaiwa. Alieleza habari ya ngazi na blanketi. Mwisho akafika kwa watoto, waliokaa kimya wakimwangalia, na hapo akakomea, akakaa akiwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Kavutha alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu zamani. Aliizima, akaisukuma mezani mpaka ikafika upande wa Lemein.

"Hii singefaa kuiangalia," alisema polepole. "Ni ya Pakiteng. Hajanipa ruhusa." Akasugua paji la uso. "Na sikuwahi kukuomba unionyeshe mkono. Uliniambia hupitangi drifti, nikaandika, halafu nikaamini mistari kuliko wewe. Hiyo ni makosa yangu mimi."

Aliikunja ripoti mara mbili akaiweka kwenye droo. Huko chini Waweru alipiga honi, mara moja, kwa furaha. Lemein aliruka kitini.

"Atasema nini?" akauliza. "Wazazi watasema nini? Watoto wako kwa geti."

"Sijui," Kavutha akasema. "Watakasirika, labda. Nitamwambia mimi kama unataka, ama tushuke wote. Lakini kesho huendeshi."

Kesho huendeshi. Lemein aliyapokea maneno hayo, akangoja aibu imjie, nayo ikaja, kubwa kama alivyoitegemea. Akamwona akilini Waweru akikunja uso kwa hasira. Akawaona watoto wakimwinamia dereva mwingine, pengine hata asijue kwa nini wanainama. Ataitwa nani sasa, mtu aliyekuwa na mabawa? Na Nalangu akiuliza saa yake? Hakuna mlango hata mmoja, kati ya ile iliyofungwa na wanaompenda, uliokuwa umefunguka.

"Bwana Lemein," Kavutha alisema. "Wacha nikuulize moja tu. Huyo mtu ambaye hulala hivyo kila siku. Usiku ule yeye alikosa usingizi kwa nini?"

Lemein alimwangalia kana kwamba swali lenyewe halikuwa na haja ya kuulizwa.

"Si ni kwa sababu mimi nilikuwa macho?" akasema.

Honi ikalia tena. Kavutha akainuka, akafungua mlango, akasimama kando ili Lemein atangulie.